Kamera za Kasi Karibu na Shule: Sheria Inaruhusu Nini, na Inakomea Wapi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ukungu haujaondoka vizuri, watoto wa shule tayari wako kandokando ya lami wakisubiri nafasi ya kuvuka. Wakubwa wamewashika wadogo mikono. Inapita matatu, linapita lori la mchanga, kisha bodaboda mbili zikifukuzana. Mtoto mmoja anahesabu magari. Mwingine amechoka kuhesabu, anataka kukimbia.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Dereva anayemwona mtoto akiingia barabarani huchukua kama sekunde moja na nusu kabla mguu wake haujakanyaga breki, na katika muda huo gari limekwisha kula mita 21. Kwenye lami kavu litahitaji takriban mita 14 nyingine hadi lisimame. Jumla ni mita 35. Gari hilohilo likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa litahitaji karibu mita 68. Maana yake ni kwamba mtoto akiwa mita 35 mbele, dereva wa kilomita 50 anasimama karibu naye. Dereva wa kilomita 80 ndiyo kwanza anaanza kugusa breki.

Katika miaka ya karibuni Kenya imepoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, na kundi kubwa zaidi kati yao ni watu wanaotembea kwa miguu. Si ajabu basi kwamba kila wazazi wanapokutana kujadili usalama wa watoto, kuna anayesimama na kusema: tuwekewe kamera, inase nambari za magari, faini ziwafuate wenye magari hadi nyumbani. Ombi hilo ni la haki. Swali ni nani ana uwezo wa kulitimiza, na kwa masharti gani.

Kamera inaweza kupima kasi na kupiga picha. Uwezo wa kumtoza mtu faini, hata hivyo, hautoki kwenye kamera. Unatoka kwenye sheria, na sheria imeuwekea mipaka. Mipaka hiyo haikutungwa kumkinga dereva mkorofi. Ikipuuzwa, yeye ndiye wa kwanza kunufaika: wakili wake anaonyesha kasoro, kesi inatupwa, na kamera inabaki pambo juu ya mlingoti.

Kikomo chenyewe

Msingi wa yote ni Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Sheria hiyo inakataza kuendesha gari kwa zaidi ya kilomita 50 kwa saa kwenye barabara iliyo ndani ya mipaka ya kituo cha biashara, mji, manispaa au jiji. Marekebisho ya mwaka 2017 yaliongeza ulinzi wa watoto kwa kuweka kikomo hicho cha kilomita 50 karibu na shule. Kwa hiyo hata shule iliyo mbali na mji, kando ya barabara kuu ambayo magari yamezoea kupaa, ina ulinzi huo katika sheria.

Wataalamu wengi wangependa kikomo kishuke zaidi. Azimio la Stockholm la Februari 2020, lililotolewa na mawaziri na wataalamu wa usalama barabarani kutoka nchi nyingi, lilipendekeza kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari huchanganyika na watu wanaotembea kwa miguu. Kwa hesabu ileile ya breki, gari la kilomita 30 husimama ndani ya mita 18 hivi. Sheria ya Trafiki inaipa mamlaka inayosimamia barabara nafasi ya kuweka kikomo cha chini zaidi pale panapohitajika, mradi iweke alama.

Neno hilo, alama, ndilo linaloponza kesi nyingi. Mamlaka ya barabara inatakiwa kuweka na kutunza alama zinazomwonyesha dereva waziwazi kwamba anaingia au anatoka katika eneo lenye kikomo. Alama iliyofunikwa na majani ya mwembe, iliyogongwa na lori ikalala chini, au iliyong'olewa usiku na wauza vyuma chakavu ni sawa na kutokuwepo. Kamera ya mamilioni ikisimama mita mia mbili kutoka kwenye mlingoti usio na alama, dereva ana hoja nzito mbele ya hakimu. Kazi ya kwanza ya eneo la shule, kabla hata ya kutaja mtambo wowote, ni kibao cha chuma kilichopakwa rangi.

Kaunti na taifa

Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: kwa nini Serikali ya Kaunti isinunue kamera zake na kuanza kutoza?

Jibu liko katika Jedwali la Nne la Katiba. Kaunti zimepewa barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho, pamoja na usafiri wa umma wa barabarani. Serikali ya Kitaifa imebaki na usalama wa barabarani kwa maana ya sheria za trafiki, barabara kuu za kitaifa, na viwango vya ujenzi wa barabara. Kosa la kuzidisha kasi limeundwa na sheria ya Bunge la taifa. Polisi ndio wanaolikamata, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ndiye anayelishtaki, na mahakama ndiyo inayolihukumu. Kaunti ikijaribu kutunga faini yake ya kasi sambamba na ile ya taifa, itagongana na sheria iliyopo, na Kifungu cha 191 cha Katiba kinaeleza ni wakati gani sheria ya taifa hushinda.

Zaidi ya hayo, barabara nyingi zinazowaua watoto si za kaunti. Barabara kuu ziko chini ya KeNHA. Nyingine za mijini ziko chini ya KURA, na za mashambani chini ya KeRRA. Mashirika haya matatu yaliundwa na Sheria ya Barabara ya 2007. Afisa wa kaunti hawezi kusimika mlingoti wa kamera kwenye barabara ya KeNHA bila kibali, kama vile jirani hawezi kujenga choo katika shamba la mwenzake kwa sababu tu harufu inamfikia.

Hiyo haimaanishi kaunti haina nafasi. Inaweza kushirikiana na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, yaani NTSA, na polisi. Inaweza kutoa takwimu za mahali ajali zinapotokea, kugharimia taa, na kuweka vifaa vya kuhesabu magari na kupima mwendo kwa ajili ya kupanga barabara, bila kumtoza mtu yeyote. Kamera inayokusanya takwimu na kamera inayotoza faini zinaweza kufanana kama mapacha, lakini kisheria ni vitu viwili tofauti.

Wanaoona mipaka hii kama urasimu wakumbuke kifaa cha kupima pumzi za madereva walevi, kile ambacho kila Mkenya anakiita alkoblo. Kilianza kutumika kwa nguvu chini ya kanuni za mwaka 2011. Mei 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba kanuni iliyotumika kuwashtaki madereva haikulingana na Sheria ya Trafiki yenyewe. Sheria mama ilitaka ithibitishwe kwamba dereva hakuweza kulimudu gari ipasavyo. Kanuni ilitosheka na kiwango cha pombe kwenye pumzi. Mahakama haikusema ulevi barabarani ni halali, wala haikukipiga marufuku kifaa. Ilisema kanuni haiwezi kupita mahali ambapo sheria iliyoizaa haikufika. Kamera za kasi zikiletwa kwa kanuni zilizoandikwa kwa haraka, njia ya kuzibomoa imekwisha kuchongwa.

Kuna mlango mwingine wa kubomolea. Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inataka wahusika washauriwe kabla kanuni hazijatungwa, na kanuni zikishachapishwa zifikishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao. Zisipofikishwa, zinakosa nguvu. Vikao vya kukusanya maoni ya wananchi, vile ambavyo huvutia watu wachache kwenye ukumbi wa wadi, ni sehemu ya uhai wa kanuni hizo.

Kamera kama shahidi

Mahakamani kamera ni shahidi, na shahidi huhojiwa.

Sheria ya Trafiki ina sharti la zamani ambalo wengi hawalijui: mtu hawezi kutiwa hatiani kwa kuzidisha kasi kwa msingi wa maoni ya shahidi mmoja tu kwamba, kwa kumtazama, aliona gari linakimbia kupita kiasi. Sharti hilo ndilo linalofanya vipimo vya mitambo viwe na thamani. Lakini likishaondoa jicho la askari, linaleta swali la jicho la mtambo: lilikuwa linaona sawasawa?

Kila kifaa cha kupima, kuanzia mizani ya muuza nyama hadi rada ya kasi, huweza kupotoka. Hutikiswa na lori, hupigwa na jua na mvua, husogea pembe yake kidogo na kuanza kusoma kilomita 58 mahali palipo na 52. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, ndilo linalotunza vipimo vya rejea vya taifa, ambavyo vifaa vingine hulinganishwa navyo. Mshtakiwa ana haki ya kuuliza kamera ilisahihishwa lini, na nani, na cheti kiko wapi. Upande wa mashtaka usipokuwa na cheti, hakimu anabaki na picha yenye nambari ambayo hakuna anayeweza kuiapia.

Picha yenyewe ni ushahidi wa kielektroniki. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kinaeleza masharti yake. Rekodi inatakiwa kuambatana na hati inayoitambulisha, inayoeleza jinsi ilivyotolewa na kifaa kilichoitoa, na iliyotiwa saini na mtu mwenye wadhifa unaohusiana na uendeshaji wa kifaa hicho. Karatasi hii moja inaonekana ndogo. Bila hiyo, picha safi kabisa ya gari jeupe likipita mbele ya geti la shule inaweza kukataliwa.

Katiba inaongeza yake. Kifungu cha 50 kinamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe, na kinampa haki ya kuelezwa shtaka kwa undani wa kutosha na kuonyeshwa mapema ushahidi utakaotumika dhidi yake. Notisi inayosema tu "ulizidisha kasi, lipa" haitoshi. Mahali, tarehe, saa, kasi iliyopimwa na kikomo cha barabara hiyo ni mambo ambayo dereva anahitaji kuyajua ili aweze kujibu.

Nani alikuwa kwenye usukani?

Hapa ndipo penye ugumu halisi. Kamera inaona nambari ya gari. Kosa la kasi ni la dereva.

Chukua mfano wa mwalimu aliyestaafu ambaye ana gari dogo. Jumatatu amempa mpwawe aende nalo sokoni. Jumanne limekodishwa kubeba wageni wa harusi. Jumatano limelala kwa fundi, na mwanagenzi wa gereji amelitoa kulijaribu. Notisi inapofika, jina lililo juu yake ni la mwalimu, kwa sababu ndilo lililoandikwa kwenye usajili. Na kuna wale waliouza gari miaka mitatu iliyopita na mnunuzi hajabadilisha umiliki hadi leo. Hao ni wengi kuliko tunavyodhani, na kwao kamera itakuwa mgeni asiyetarajiwa.

Sheria ya Trafiki haimwachi mwenye gari akunje mikono. Polisi wakimtaka aeleze nani alikuwa akiendesha gari lake wakati wa kosa, anapaswa kutoa habari hizo, na kukataa ni kosa. Anaweza kujitetea akionyesha kwamba hakujua na hangeweza kujua hata kwa kufanya bidii ya kawaida. Kwa hiyo njia halali ya kamera ni hii: picha inawapeleka polisi kwa mwenye gari, mwenye gari anawapeleka kwa dereva, na dereva ndiye anayeshtakiwa. Njia ya mkato, ya kumhesabu mwenye gari kuwa dereva hadi athibitishe vingine, inagusa moja kwa moja haki ya kutohesabiwa mkosaji kabla ya kesi.

Nchi nyingine zimeshapita njia hii. Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya jimbo la Missouri, Marekani, ilikataa utaratibu wa kamera za taa nyekundu mjini St. Louis, kwa sababu ulidhani mwenye gari ndiye dereva na hivyo kumbebesha yeye mzigo wa kuthibitisha. Jiji la New York lilichagua njia nyingine. Bunge la jimbo lilitunga sheria mahususi ya kamera za maeneo ya shule mwaka 2013, kwanza kwa maeneo 20 ya majaribio, na mwaka 2019 likaruhusu hadi maeneo 750. Sheria hiyo inamwajibisha mwenye gari, lakini kwa malipo ya kiraia ya dola 50 ambayo hayahesabiwi kuwa hukumu ya jinai wala hayaathiri leseni yake. Kamera hushughulika na gari lililozidisha kikomo kwa zaidi ya maili 10 kwa saa, yaani kilomita 16 hivi. Na sheria ina tarehe ya kuisha. Julai 2018 muda ulipokwisha bila wabunge kukubaliana kuuongeza, kamera nyingi ziliacha kutoza faini, zikiwa zimesimama palepale kwenye milingoti yao, hadi hatua ya dharura ilipochukuliwa kabla shule hazijafunguliwa.

Kenya ikitaka mwenye gari awajibike kwa picha ya kamera, huo ni uamuzi wa Bunge. Hauwezi kufanywa na kampuni iliyouza mtambo, wala na ofisi iliyounulia.

Viwango vya faini

Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki za mwaka 2016, zilizotolewa kwa Notisi ya Kisheria Nambari 161, ndizo zilizoleta viwango ambavyo watu huviita faini za papo hapo. Aliyezidisha kikomo kwa kilomita 1 hadi 5 hupewa onyo. Kilomita 6 hadi 10 ni shilingi 500. Kilomita 11 hadi 15 ni shilingi 3,000, na 16 hadi 20 ni shilingi 10,000. Aliyevuka hapo hayuko tena kwenye makosa madogo; anakwenda mahakamani, ambako sheria inaruhusu faini ya hadi shilingi 100,000.

Anayepewa notisi ya kosa dogo ana hiari: akubali kosa na kulipa, au alikatae na kwenda kujitetea mbele ya hakimu. Utaratibu wowote unaoziba mlango huo wa pili, kwa mfano kumnyima mtu huduma kabla hajasikilizwa, unagongana na Kifungu cha 47 cha Katiba kuhusu hatua za haki za kiutawala.

Watoto walio kwenye picha

Kamera iliyoelekezwa kwenye geti la shule haipigi magari peke yake. Inamnasa pia mtoto mwenye sare, mama aliyemleta, mwalimu wa zamu na muuza mandazi. Nambari ya gari inayoweza kumtambulisha mtu ni data ya kibinafsi, na uso ni zaidi.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihusu serikali kama inavyozihusu kampuni. Anayeendesha kamera anatakiwa kukusanya kile tu kinachohitajika kwa lengo lililotajwa, kuwajulisha watu kwamba wanarekodiwa, na kutohifadhi picha kupita muda unaohitajika. Pale usindikaji unapoweza kuhatarisha haki za watu, tathmini ya athari hufanywa kwanza na ripoti yake kuwasilishwa kwa Kamishna wa Data siku 60 kabla kazi haijaanza. Data za watoto zimewekewa uzito wa pekee. Mwaka 2023 Kamishna alitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kamera ya kasi inayohifadhi nyuso za watoto bila sababu haiwezi kujitetea kwamba ilikuwa inawalinda.

Kifungu cha 35 cha sheria hiyo kinastahili kujulikana zaidi. Kinampa mtu haki ya kutotolewa uamuzi wenye athari za kisheria kwa kutegemea mtambo peke yake. Kuna nafasi za kipekee, ikiwemo pale sheria inaporuhusu, lakini hata hapo mhusika anatakiwa kuarifiwa kwa maandishi, na anaweza kuomba uamuzi uangaliwe upya na binadamu. Kwa lugha ya barabarani: kompyuta ikikuandikia faini, una haki ya kutaka mtu aifungue ile picha na kuitazama. Mara nyingine ataona kwamba 8 ilisomwa kama B, au kwamba gari lililokimbia lilikuwa la pili kwenye picha.

Malalamiko hupelekwa katika Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa maandishi au kwa mdomo, na sheria inataka yamalizwe ndani ya siku 90.

Notisi ikifika

Jambo la kwanza ni kuhakikisha ni ya kweli. Matapeli hawachelewi kutumia kitu kipya, na ujumbe wa simu unaodai faini huku ukitaka pesa zitumwe kwa nambari ya mtu binafsi ni wa kufutwa. Malipo ya huduma za Serikali ya Kitaifa hupitia eCitizen, Paybill 222222. Anayetilia shaka aingie kwenye akaunti yake mwenyewe ya eCitizen kuangalia, au aende kituo cha polisi, badala ya kubofya kiungo alichotumiwa.

Ikiwa ni ya kweli na dereva anajua alikimbia, kulipa mapema kunamwokolea siku nzima ya foleni mahakamani. Ikiwa ana shaka, aombe picha, cheti cha usahihi wa kamera na uthibitisho wa alama ya kikomo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inazitaka ofisi za umma zijibu maombi ya habari ndani ya siku 21, na barua inaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyeweza kuandika anaruhusiwa kueleza ombi lake kwa mdomo, na afisa ataliandika. Aliyeuza gari na halijahamishwa jina afanye hivyo sasa, kabla notisi haijaja. Ikishakuja, mkataba wa mauzo wenye tarehe ndio utakaomtetea.

Kabla ya kamera

Mitambo ikisubiri sheria na bajeti, watoto wanavuka leo. Matuta hayahitaji cheti cha KEBS wala hati ya Kifungu cha 106B. Hayaulizi nani alikuwa kwenye usukani. Tuta lililojengwa vizuri, kivuko kilichoinuliwa, uzio unaowaelekeza watoto kuvuka mahali pamoja na njia ya miguu upande wa shule hupunguza mwendo wa kila gari, liwe la tajiri, la serikali au la mtu aliyeng'oa nambari zake. Tuta bovu lisilo na rangi wala alama, kwa upande mwingine, limewahi kuangusha waendesha bodaboda wengi usiku, na ndiyo maana wakazi hawaruhusiwi kujijengea yao kwa mawe na udongo, hata wakiwa na uchungu kiasi gani.

Kwa barabara za kaunti, ombi la alama au matuta hupelekwa kwa idara ya barabara kupitia ofisi ya wadi. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mkazi haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa Serikali ya Kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini yake. Kwa barabara ya KeNHA, KURA au KeRRA, barua huenda kwa ofisi ya eneo ya shirika husika, na nakala kwa mwakilishi wa wadi.

Barua yenye uzito ni ile iliyobeba mambo ya kuhesabika: jina la shule na la barabara, idadi ya watoto wanaovuka asubuhi na jioni, saa ambazo magari huwa mengi, ajali zilizotokea na tarehe zake, na picha ya mahali ambapo alama ingepaswa kuwa. Halmashauri ya shule inaweza kukusanya haya kwa juma moja, mzazi mmoja akikaa getini na daftari kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi. Daftari hilo litafaa tena siku kamera itakapoidhinishwa, kwa sababu mahali pa kuiweka patachaguliwa kwa kuangalia hesabu kama hizo.